Rafu ya Vitabu vya Uandishi, Walukuba: Shajara ya Mradi

20 Januari 2024: Lengo na mchango

Sisi ni kikundi cha watu wanaoandika kwa Kiswahili mjini Jinja, na wengi wetu tunakaa Walukuba. Yumo mwalimu wa sekondari, afande mstaafu, hajati mwenye duka la vitambaa, mama mmoja fundi cherehani, vijana wa boda boda, na mimi ninayeweka kumbukumbu. Kila mgeni anayejiunga huuliza swali lile lile: nisome kitabu gani nijue kuandika? Majibu hayakosekani. Shida ni kwamba vitabu vinavyotajwa karibu vyote ni vya Kiingereza, na anayevitaja hajawahi kuujaribu ushauri wake kwenye ukurasa hata mmoja wa Kiswahili.

Kwa hiyo tunaanzisha rafu. Tutanunua vitabu vya ufundi wa uandishi kidogo kidogo, tuvisome pamoja, tujaribu ushauri wake kwenye rasimu zetu wenyewe, kisha niandike hapa kilichofaa, kilichokwama na bei. Kitakachofaulu kitakaa nyumbani kwa Hajati, aazime anayetaka. Wenzetu wa Arua, Bombo au Kasese wakitaka kuanzisha rafu kama hii watakuta njia imeshafyekwa.

Haraka tunayo. Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kiwe somo la lazima shuleni. Watoto hao watataka vitu vya kusoma, na vingine lazima vitoke kwa watu wa hapa. Walukuba ina mengi ya kusimulia: ni mtaa uliojaa wafanyakazi wa viwandani waliotoka kila pembe, Mlugbara jirani na Msamia, Mjaluo jirani na Mgisu, na uani walielewana kwa Kiswahili.

Mchango wa kuanzia: shilingi 400,000.

17 Februari 2024: Ununuzi, na suala la kopi

Kampala tumepata viwili kwenye meza za vitabu vya mitumba. Cha Stephen King kuhusu uandishi, On Writing, kimeuzwa 25,000, na On Writing Well cha William Zinsser 20,000. Bird by Bird cha Anne Lamott hakikuwepo mitumbani, tukakinunua kipya dukani kwa 72,000. Steering the Craft cha Ursula K. Le Guin hakipo nchini kwa kadiri tulivyotafuta. Tumekiagiza, na kwa nauli yake kimefika 85,000, bei inayouma.

Hapo likazuka pendekezo. Ukienda Nasser Road, mtaa wa wachapaji, unatolewa kopi ya kitabu kizima na kujalidiwa kwa pesa ndogo kuliko nusu ya bei ya dukani. Vijana walilitaka hilo, na kwa mifuko yao nawaelewa. Tulibishana jioni nzima. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Juu ya sheria kuna jambo linalotuhusu zaidi: kila mmoja pale anatumaini siku moja kuuza kitabu chake mwenyewe. Tumekubaliana hatutoi kopi ya kitabu cha mtu. Tunachofanya ni kuandika muhtasari kwa maneno yetu, kwa Kiswahili, na huo ndio unaozunguka kwenye simu.

Tulipata kimoja kilicho huru, The Elements of Style cha William Strunk. Strunk alikichapisha kwa ajili ya wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1918, akafariki 1946, kwa hiyo toleo hilo la kwanza linaruhusiwa kuchapwa. (Toleo linalouzwa sana ni la 1959 lililoongezwa na E. B. White, na hilo haliko huru.) Tukachapa nakala za kugawana kwa 36,000.

Pesa hizo hazikuzaa. Sehemu kubwa ya kijitabu inaeleza koma za Kiingereza, jinsi Kiingereza kinavyoonyesha umiliki na maneno ya Kiingereza yanayotumiwa visivyo. Kwa mtu anayeandika Kiswahili kinabaki na agizo moja la maana, kuondoa maneno yasiyo na kazi, na agizo hilo Zinsser amelifundisha vizuri zaidi. Anayetufuata asichape.

16 Machi 2024: King na vielezi

King tumeanza naye kwa sababu ndiye aliyetajwa na wengi. Kitabu kilitoka 2000, mwaka mmoja baada ya kugongwa na gari akitembea kando ya barabara. Nusu yake ni maisha yake, nusu ni ushauri. Ushauri wa kazi ya kila siku umetufaa bila kubadilishwa chochote: andika rasimu ya kwanza mlango ukiwa umefungwa, usimwonyeshe mtu, ikimalizika iweke kando wiki zisizopungua sita, ukiirudia, ipunguze sehemu moja ya kumi. Mwalimu alikuwa na hadithi ya maneno 3,000 aliyoipenda mno. Akaifungia kabatini, na alipoitoa akaishusha hadi 2,700 bila kulalamika, kwa sababu kwa macho mapya aliona mwenyewe aya zilizokuwa zinazunguka.

Tulipokwama ni kwenye vielezi. King havitaki kabisa, na wengi wetu tuliichukua kauli hiyo kama amri. Kijana mmoja wa boda boda alileta kipande hiki kuhusu soko:

“Gunia likaanguka pu! Mzee akasimama kimya, akalitazama. Unga ulikuwa umemwagika, mweupe pepepe, na watu wakaanza kusogea mmoja mmoja.”

Tukapitisha kalamu nyekundu juu ya kila kielezi. Kikabaki hiki:

“Gunia likaanguka. Mzee akasimama, akalitazama. Unga ulikuwa umemwagika, mweupe, na watu wakaanza kusogea.”

Akakisoma kwa sauti. Hajati akamkatiza: “Mwanangu, hapo hamna soko tena. Rudisha pu yako.” Na kweli, kila kitu kilichokuwa kinasikika kilikuwa kimeondoka. Tanakali za sauti kisarufi zinahesabiwa katika vielezi, lakini kazi yake ni nyingine: pu ni uzito wa gunia, pepepe ni unga kwenye udongo mwekundu wa Jinja, mmoja mmoja ni woga wa watu kumkaribia mzee. Vielezi anavyovipiga vita King ni vile vya Kiingereza vyenye mkia mmoja, -ly, na hasa vinavyobandikwa baada ya mtu kusema. Tukavitafuta vya aina hiyo kwenye rasimu zetu, tukavikuta tele:

“Toka nyumbani kwangu!” alisema kwa hasira.
“Sijui nitafanya nini,” alijibu kwa huzuni.

Hapo King ana haki. Mtu aliyesema toka nyumbani kwangu ameshakasirika, msomaji amemsikia. Basi kanuni tuliyoibandika ndani ya jalada la kitabu ni hii: kielezi kinachosikika au kuonekana kinabaki, kielezi kinachorudia hisia ambayo maneno ya msemaji yameshaitoa kinaondoka. Kwa kanuni hiyo kitabu kinabaki kwenye rafu.

13 Aprili 2024: Jambo ambalo hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachokwambia

Ingizo hili ni refu kwa sababu ndilo lililotufunza zaidi.

Fundi cherehani ameleta mwanzo wa simulizi yake ya utotoni. Amefuata ushauri wote: sentensi fupi, vitenzi vyenye nguvu, hakuna kielezi cha bure.

“Mama aliamka. Alifungua mlango. Aliona barua chini. Aliiokota. Aliisoma. Alikaa.”

Kila sentensi ni sahihi, na bado aya imekufa. Tulihangaika kutafuta dawa vitabuni, tukakosa, na sababu yake ni dhahiri ukishaiona: ugonjwa ule hauko kwenye Kiingereza. Wengi wetu Uganda tumefundishwa kuandika darasani kwa Kiingereza, ambacho husimulia tendo baada ya tendo kwa wakati uliopita ule ule. Tukija kwenye Kiswahili tunaweka -li- kila mahali, kumbe Kiswahili kimetupa vyombo vingi zaidi.

Jaribio la kwanza lilikuwa kugeuza kila -li- kuwa -ka-. Halikufaa. “Akaamka, akafungua, akaona, akaiokota, akaisoma, akakaa” inakimbia bila kupumua, na msomaji hajui tukio ni la lini.

Tukaacha vitabu, tukamwomba Hajati asimulie. Hajati anajua ngano za Sungura kuliko yeyote mtaani. Tukamrekodi kwa simu, tukaiandika neno kwa neno, tukatoa kopi, kisha kila mtu akachukua kalamu za rangi: buluu kwa -li-, nyekundu kwa -ka-, kijani kwa -ki-, nyeusi kwa hu- na -me-. Ukurasa ulipojaa rangi, mpango wake ukajitokeza. Hajati hufungua kwa -li- mara moja tu, kuweka saa. Kisha -ka- inabeba matendo yanayofuatana. Akitaka kutuonyesha kitu kinachoendelea pembeni, anatia -ki-. Akitaka tusimame tutazame hali ilivyo, anatumia -me-. Na -li- hairudi mpaka siku nyingine ianze au mhusika mwingine aingie. Mahali ambapo mnyororo wa -ka- ungekuwa mrefu mno, Hajati anaukata kwa maneno ya mhusika au kwa wimbo. Hakufundishwa hayo na mtu darasani.

Fundi akairudia aya yake:

“Mama aliamka akafungua mlango. Chini palikuwa na barua. Akaiokota, akaisoma amesimama, midomo ikicheza. Halafu akakaa.”

Tukio ni lile lile, ila sasa tunamwona mama. Hilo “amesimama” lilitufurahisha wote: linatayarisha “akakaa” bila kusema kwamba habari ni mbaya.

Ushauri kwa atakayetuiga: kabla ya kununua kitabu chochote, rekodi msimulizi mzuri wa mtaani kwako, andika alichosema, weka rangi kwenye vitenzi. Gharama ya kalamu na kopi kwa mradi mzima ni 22,000.

Kuanzia hapa msimamo wangu umekuwa wazi, nao ndio ninaoutetea katika shajara hii. Vitabu vya nje vitufundishe nidhamu ya kazi, mpangilio wa hadithi na namna ya kusomeana. Sentensi tujifunze kwa wenyewe wa lugha.

18 Mei 2024: Mabano ya Zinsser

Zinsser alitoa kitabu chake 1976. Alipofundisha Chuo Kikuu cha Yale, badala ya kufuta maneno ya wanafunzi alikuwa akiyatia mabano yale yasiyofanya kazi, mwanafunzi aamue mwenyewe. Tumefanya hivyo hivyo, na hiki ndicho chombo cha nje kilichoingia kwenye Kiswahili bila kugonga popote.

Afande anaandika kumbukumbu za utumishi wake. Ameandika ripoti maisha yake yote, na lugha ya ripoti imemkaa mkononi:

“Katika kipindi chote cha utumishi wangu niliweza kufanikiwa kufika katika maeneo mbalimbali ambayo kwa namna moja au nyingine yaliweza kunifundisha mambo mengi.”

Tukaipitia pamoja naye kwa penseli. “Niliweza kufanikiwa kufika” ni vitenzi vitatu vinavyofanya kazi ya kimoja: nilifika. “Kwa namna moja au nyingine” ikaingia mabanoni mara moja. Ilipobaki “maeneo mbalimbali”, Mwalimu akauliza, “Afande, maeneo yapi?”

“Gulu. Moroto. Halafu Kasese.”

“Na mambo mengi ni yapi?”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema Moroto alijifunza kulala na kiu. Sentensi ikawa: “Nilitumwa Gulu, kisha Moroto, kisha Kasese. Moroto nilijifunza kulala na kiu.” Kitabu chake kimeanzia hapo sasa.

Tumekusanya maneno yanayopaswa kutiwa mabano kila yaonekanapo: katika suala zima la, kwa namna moja au nyingine, ni jambo lisilopingika kwamba, kuweza kufanikisha, mbalimbali isiyofuatwa na majina. Magazeti na hotuba zetu zimejaa hayo, ndiyo maana yanatujia bila kuitwa.

Tahadhari moja. Vijana waliochangamkia mabano walitia pia “akaenda, akaenda, akaenda” ya Hajati, wakisema mara moja inatosha. Haitoshi. Marudio yale ndiyo urefu wa njia. Le Guin alikuja kutusaidia hapa bila kutarajiwa: ana sura nzima inayotetea kurudia maneno kwa makusudi, na zoezi la kuandika kipande kifupi ambamo neno moja lenye uzito linarudi angalau mara tatu. Kwa watu waliolelewa na ngano, zoezi hilo lilikuwa jepesi, na lilitoa kurasa nzuri kuliko zoezi lolote la mwaka huu.

7 Julai 2024: Vitabu vyetu vimefika

Leo ni Siku ya Kiswahili Duniani, na mzigo kutoka Nairobi umefika juzi. Ulichelewa sana. Kampuni ya usafirishaji tuliyoitumia iliuacha mpakani Busia, na kila tulipopiga simu tuliambiwa uko njiani. Mwishowe mwanakikundi mmoja alikwenda mwenyewe akautoa. Njia tutakayotumia baadaye ni kumpa mtu tunayemjua anayesafiri. Vitabu viwili ni 48,000, usafirishaji 15,000.

Cha kwanza ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Kilitoka 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa hapa Jinja. Ni kitabu chembamba, na hakuna kingine kwenye rafu kinachosema wazi hivyo mtu afanye nini na asifanye nini: vina, mizani, urari wa beti.

Mizani, yaani hesabu ya silabi, ndiyo iliyotutoa jasho. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, nane na nane. Kijana mwingine wa boda boda alileta huu:

“Mto wetu mkubwa Naili, wapita bila kelele.”

Kwa hesabu yake kila kipande kilikuwa na nane. Masikio ya Afande yalikataa, ila hakuweza kusema kwa nini. Tukahesabu kwa vidole vya wote. Kijana alikuwa amehesabu “mto” mizani moja na “mkubwa” mbili, kama zinavyotoka haraka mdomoni. Lakini m ya mto inasimama peke yake, ni mizani kamili: m-to, m-ku-bwa. Kipande cha kwanza kilikuwa na kumi. M ya mbali au mbuzi haisimami, imeshikana na b. Na mbwa, pamoja na ufupi wake, ni mizani mbili. Wengi wetu tumezaliwa kwenye Kisoga, Kiluganda au Kijaluo, kwa hiyo jambo hili halitujii lenyewe. Tumelimaliza kwa kupiga makofi: kofi moja kila mizani, kwa pamoja, mpaka m ya mto ipate kofi lake. Mshororo sasa ni “Mto Naili mkubwa, wapita bila kelele,” nane kwa nane, na unaimbika.

Wapo kikundini wasioona haja ya vina na mizani siku hizi, na wana haki ya kuandika mashairi huru. Mimi nasema wajifunze kupiga makofi kwanza. Hata nathari ya aliyefundishwa mizani inasikika tofauti.

Cha pili ni Kunga za Nathari ya Kiswahili cha Said A. Mohamed, cha 1995. Mwandishi ni mtunzi wa riwaya mwenyewe, na inaonekana. Faida kubwa tuliyoipata ni msamiati wa kujadiliana. Zamani mtu alisema hadithi “haijakaa vizuri”, basi. Sasa anasema msuko umelegea hapa, au mhusika huyu hana sababu ya kurudi. Kina uzito wa kitabu cha chuo, na wasiopita sekondari walihitaji Mwalimu akae nao sura kwa sura. Si kitabu cha kumpa mtu akisome peke yake mwanzoni.

Mzee mmoja wa Bugembe ametuazima pia Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, nacho cha 1954. Hakiorodheshi kanuni, kinakupa insha zenyewe uzitazame zilivyojengwa. Tulipokuwa tunakipitia Mwalimu alitukumbusha habari inayoniuma kila nikiisikia. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, saa chache tu kutoka hapa, kwenye mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Afrika Mashariki wakati ule, hakuwa na sifa ya kuhudhuria kwa kuwa aliandika Kiswahili. Akafariki mwezi huohuo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, aliliandika jambo hilo baadaye katika Decolonising the Mind, 1986. Nataka kila anayeazima kitabu kwenye rafu hii alijue.

31 Agosti 2024: Kusomeana na kukosoana

Le Guin ana kiambatisho kuhusu vikundi vya kusomeana. Sheria yake kuu: mwandishi anyamaze wakati kazi yake inajadiliwa, asijitetee. Tukaitumia kama ilivyo, ikakwama kwa sababu ambayo hakuitarajia. Afande akisomwa, vijana wote walisema neno moja: “Mzee, imekaa sawa kabisa.” Kijana akisomwa, wazee walimhutubia. Heshima ni jambo jema na hatutaki kuivunja, ila hadithi ya Afande ilikuwa na sura mbili zisizosonga mbele, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Suluhisho limechukua muda kupatikana. Kwanza, kazi isomwe na mtu asiyeiandika. Pili, aanze kusema mdogo kuliko wote, mkubwa awe wa mwisho, ili mdogo asipingane na mtu aliyeshasema. Tatu, hakuna kusema “umekosea”. Kila mmoja aseme alipopotea yeye msomaji: “nilipotea pale gari lilipofika”, “pale nilisahau huyu dada ni nani”. Kijana anaweza kumwambia mzee kwamba amepotea, hilo halina utovu wa adabu. Afande alisikiliza hivyo, kimya, akiandika. Sura moja ameitoa yote.

E. M. Forster ametusaidia hapohapo. Mwalimu alikuwa na Aspects of the Novel ya 1927, akatueleza mfano wake maarufu: mfalme akafa, kisha malkia akafa, huo ni mfululizo; mfalme akafa, kisha malkia akafa kwa huzuni, huo ni msuko. Sasa mtu akisema amepotea, tunatafuta kwanza “kwa huzuni” iko wapi. Mara nyingi haipo. Sehemu nyingine za kitabu zinajadili riwaya za Kiingereza ambazo wengi hatujazisoma, kwa hiyo tumechukua mfano huo na ule wa wahusika bapa (wenye tabia moja tu) na wahusika duara (wenye pande nyingi), tukamrudishia Mwalimu kitabu chake.

Lamott nimemweka mwisho kwa kuwa kitabu chake ni cha aliyekwama. Kilitoka 1994. Jina limetokana na kaka yake wa miaka kumi aliyepewa miezi mitatu kuandika ripoti ya shule juu ya ndege, akaiacha mpaka usiku wa mwisho, na baba akamwambia amchukue ndege mmoja mmoja. Fundi cherehani alikuwa ameacha kuandika tangu Mei; utoto wote wa Walukuba ulikuwa mzigo mkubwa kwake. Tukampa ushauri wa Lamott wa kuandika tu kile kinachoenea ndani ya fremu ya picha ya inchi moja. Akachagua bomba la pamoja: foleni ya majerikeni, kamba nyekundu iliyofungwa kwenye la mama yake ili lisibadilishwe. Kutoka kwenye kamba ile zimetoka kurasa kumi na kitu. Kwa bei ya 72,000 nilisita, sasa sijutii.

26 Oktoba 2024: Hesabu na mpangilio wa kununua

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), 60,000, imeingia wiki iliyopita na ndiyo inayofunguliwa kila kikao. Ukijumlisha na vilivyotajwa juu, tumetumia 383,000. Zimebaki 17,000. Nauli za Kampala na Busia kila mtu alijilipia.

Mwenye pesa ya kitabu kimoja tu anunue kamusi, na arekodi msimulizi. Akipata ya cha pili, kama anatunga mashairi achukue Amri Abedi. Kama anaandika hadithi au kumbukumbu achukue Zinsser wa mitumba kwa ajili ya mabano, halafu King, akizingatia ile kanuni ya vielezi. Said Mohamed ni wa kikundi chenye mwalimu. Le Guin ana mazoezi bora kuliko wote, ila kwa 85,000 kikundi kikichangie, mtu mmoja asijibane. Lamott ni wa yule aliyeacha. Strunk mwache.

Kinachofuata ni nakala yetu wenyewe ya Kielezo cha Insha, maana cha mzee wa Bugembe lazima kirudi kabla ya Desemba. Mwenye kujua kinapouzwa, hata kikiwa kimechakaa, atuletee bei. Vitabu vingine vinaazimwa kwa Hajati kila Jumamosi baada ya alasiri, wiki mbili kwa kitabu, na anayerudisha anakuja na ukurasa mmoja aliouandika.